Kisanduku cha Tatu

Alikuja Jumanne, mvua ikiteleza
kwenye vichochoro vya Thiers, mji wa ngazi na visu.
Nilikuwa kaunta namba mbili, ofisi ya meya.
"Bonjour, Madame," nikasema,
kama tulivyoagizwa tangu waraka ule ulipofika.

"Mademoiselle," akanirudishia.
"Mademoiselle Huguette Barbarin. Miaka sabini na minne.
Sina mume, sijafiwa, sijaachwa.
Nipe kisanduku changu."

Hakipo, nikamwambia. Kimefutwa.
Vimebaki viwili: mwanamume ni Monsieur,
tangu kabla ya ndevu hadi baada ya meno,
na mwanamke ni Madame, haulizwi tena
analala kwa nani.
Nilisema kwa fahari. Nilikuwa nimetia saini ombi lile,
nimesimama na bango kwenye baridi ya Clermont.

Maana neno hilo mimi nalijua.
Ma, yangu. Demoiselle, mwanamwali.
Yangu ya nani?
Nikiwa na kumi na saba, mwoka mikate wa mtaa wa chini
alilitamka polepole, kama mtu anayebonyeza tunda
asilokusudia kulinunua.
Nikiwa na thelathini na mbili, muuza dawa
alinivusha ng'ambo bila kuniomba radhi: "Madame."
Nikaenda kujitazama kwenye kioo cha gari la watu.
Neno moja linakupima kiuno, jingine linakuhesabia mikunjo,
na mwanamume anapita katikati
na jina lake lilelile, kama koti la mvua.

Yote haya nilimwambia, foleni ikikohoa nyuma yake.

Alisikiliza. Akavua glovu, kidole kwa kidole.
"Baba yangu alikuwa mtandaza mawe.
Unajua alikiitaje kishindilio chake,
gogo la mwaloni, pete ya chuma chini,
mikono miwili kama mwanamke aliyejishika kiuno?
Demoiselle.
Alikinyanyua, akakiachia, jiwe likakaa.
Mawe uliyokanyaga asubuhi, Demoiselle ndiye aliyeyalaza.
Nilikuwa na miaka sita, nambebea chupa ya maji,
nikajua mimi ni nani.
Kiwandani nimeng'arisha makali miaka thelathini na minane.
Msimamizi aliyenipapasa bega
nilimwita kwa jina lake kamili mbele ya karakana nzima.
Wenye waume waliitwa majina ya waume zao.
Mimi niliitwa langu.
Na sasa wewe, mtoto, unanitetea
kwa kuniozesha uzeeni, bila mahari,
bila hata kunionyesha bwana harusi?"

Foleni ikacheka.
Nikatafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwangu.

Kando ya mto Durolle, kiangazi,
kuna kereng'ende mwembamba wa buluu; naye huitwa hivyo hivyo.
Sikumbuki kama nilimuwaza saa ile au usiku wake,
nikiosha sahani yangu moja.

Akachukua penseli. Chini ya visanduku viwili
akachora cha tatu, pembe zimenyooka kama za fundi,
akatia vema.
Sikumzuia. Mashine ikailamba fomu,
haikukiona.

Wiki tano, kitambulisho kikarudi.
Akavaa miwani. Mbele. Nyuma.
Jina la ukoo, jina la kwanza, herufi moja ya jinsia,
urefu, tarehe.
Langu la bango halimo, lake la mwaloni halimo.
"Basi," akasema, "hata lako hawakuliandika."
Akakitia mkobani, pamoja na kitunguu na funguo.

Mlangoni akageuka: "Kwaheri, Madame."
Nami niliyepewa talaka Novemba,
niliyerudia jina la baba yangu,
nikafungua kinywa kumsahihisha
nikakosa cha kuweka pale.

Nje mawe yalikuwa yamelala imara,
na yeye juu yake, akiteremka.